Kabla hujamwachia fundi funguo

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu kumwaga oili, basi barua zilizoingia baada ya hapo sikuzitegemea, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: nikipeleka gari sevisi nitegemee kuona nini, na ntajuaje kama kazi imefanyika kweli au nimelipia kuoshewa boneti. Nimechagua chache. Zingine nimezifupisha, kuna bwana mmoja alianza kusimulia tangu mwenye gari wa kwanza, nikafika ukurasa wa tatu swali bado sijaliona.

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mimi ni binti, hii ni gari yangu ya kwanza, nimeinunua yuzidi miezi mitano iliyopita na sasa kila nikiwasha asubuhi inawaka taa yenye picha ya spana. Sijawahi kuingia gereji peke yangu. Naogopa nikifika ntaonekana sijui kitu halafu niuziwe kila kilichopo stoo. Siku ya sevisi inakuwaje, mwanzo mpaka mwisho?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza tulia, hiyo taa ya spana kwenye gari nyingi sio ugonjwa, ni kengele tu. Kompyuta ya gari inahesabu kilomita, zingine zinahesabu na miezi, tangu mara ya mwisho mtu alipoirudisha sifuri, ikifika ilipopangiwa inakukumbusha. Usiichanganye na ile nyekundu yenye kibirika kinachodondosha tone, hiyo ni presha ya oili, hiyo ikiwaka uko njiani unapaki pembeni na kuzima injini hapohapo, hakuna cha ngoja nifike kwanza.

Sasa siku yenyewe. Kazi yako inaanza kabla hujafika gereji. Toa kile kitabu cha gari kwenye droo ya mbele, ambacho wengi hatukifungui mpaka siku tunauza, tafuta ukurasa wa oili. Utakuta kitu kama 0W-20 au 5W-30. Hiyo ya mwanzo yenye W inasema oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, ya mwisho inasema uzito wake injini ikishapata moto. Piga picha ukurasa huo. Na kwa vile gari ni yuzidi na aliyekutangulia hujui alifanya nini, mwambie fundi aichukulie kama haijawahi kuguswa, yaani aanze kuhesabu upya kuanzia kwako.

Halafu andika gari inasumbua nini, na hapa ndo watu wengi wanajiponza. Mtu anafika anasema "gari inalia", fundi atazunguka robo siku anatafuta kilio. Sema inalia vipi, lini, upande gani, ikiwa baridi au ikishachemka, ukikanyaga breki au ukikata kona. Ukimwambia "inagonga ta-ta-ta mbele kulia nikikata usukani mpaka mwisho na kuondoka taratibu", huyo fundi hata hajafungua boneti kichwani ameshafika kwenye jointi ya tairi ya mbele. Dakika zako mbili za kueleza vizuri zinamwokolea yeye saa nzima, na hiyo saa ni wewe ungeilipia.

Ukifika, gereji iliyotulia haipokei funguo tu. Mtu anazunguka gari na wewe, anaandika kilomita zilizopo, mafuta yako wapi, mikwaruzo iliyokuwepo, halafu anaandika kazi kwenye jobu kadi na wewe unasaini. Isome kabla ya kusaini. "Angalia breki" na "tengeneza breki" ni vitu viwili tofauti kabisa, ya kwanza ni macho, ya pili ni hela. Mwambie mbele ya kila mtu, bila kununa, kwamba kitu chochote nje ya kilichoandikwa hapo akupigie kwanza, na hilo nalo liandikwe. Ugomvi mwingi niliouona gereji sio wa wizi, ni wa mtu mmoja alidhani kitu na mwenzie alidhani kingine na hakuna aliyetamka.

Gari ikishapandishwa juu, oili inamwagwa ikiwa bado ina moto kidogo ili itoke yote na uchafu wake. Nati ya kumwagia ina kipete chembamba cha shaba au aluminiamu, wenyewe wanaita washa, kile kinabonyea mara moja tu kikifungwa ndo kinaziba vizuri, kwa hiyo kinatakiwa kipya. Ni kitu kidogo kama kifungo cha shati lakini mimi nikitaka kujua fundi ni wa aina gani naangalia kama amekibadilisha. Filta ya oili mpya inapakwa oili kidogo kwenye mpira wake halafu inafungwa, ile ya kopo inafungwa kwa mkono sio kwa hasira. Injini nyingi za silinda nne zinachukua kati ya lita 3.5 na 5, anajaza, anawasha kidogo, anazima, anasubiri dakika chache oili ishuke, ndo anapima kwa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Akijaza kuzidi nayo ni kosa, krenki, ile shafti nzito ya chini inayozungushwa na pistoni, inaanza kuipiga kama mtu anakoroga mayai, inatoka povu, na povu halilainishi kitu.

Wakati oili inamwagika ndo mtu makini anazunguka chini: bushi (mipira ya maungio), boljoint, mipira ya shafti imechanika au bado, shokap zinavuja, ekzosi, pedi za breki, tairi. Juu anaangalia filta ya hewa, maji ya rejeta, mafuta ya breki, betri, taa zote, waipa. Betri nzima gari ikiwa imezimwa muda inasoma kama volti 12.6, injini ikiwa inazunguka inapanda mpaka 14 hivi, wamekupimia au wamekuambia tu "betri iko poa"? Uliza namba.

Sevisi ndogo kwa mikono ni saa moja mpaka mbili, ila foleni ni kitu kingine, we usipange safari jioni hiyo. Ukirudishiwa gari dai karatasi inayosema oili gani imewekwa, filta zipi, kilomita ngapi, na sevisi ijayo lini. Kisha ukiwa hapohapo, gari ikiwa sehemu ya tambarare, vuta dipstiki, ifute, irudishe, ivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Utaonekana unajua, na kweli utakuwa unajua.

SWALI: Habari za kazi kijana wangu. Mimi ni mstaafu, gari yangu kwa mwaka mzima imetembea kilomita 3,000 tu, sokoni na kurudi. Fundi anasema nimefikisha sevisi. Mimi naona kilomita bado kabisa. Nani mwongo?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hakuna mwongo, vitabu vya gari karibu vyote vinaandika kilomita AU miezi, chochote kitakachotangulia, na hiyo "au" ndo watu wanairuka. Utakuta kwa mfano kilomita 10,000 au miezi 12, kulingana na gari na oili.

Na matumizi yako mzee, nisamehe, ndo magumu kwa injini kuliko ya mtu anayesafiri mbali. Sokoni na kurudi injini haiwahi kuchemka sawasawa. Injini ikiwa ya baridi inamwaga petroli nyingi kidogo na sehemu yake inapenya pembeni ya pistoni kuingia kwenye oili, na mvuke unageuka maji humo ndani, safari ndefu ingeukausha ila safari fupi inauacha. Fungua kifuniko cha kujazia oili uangalie chini yake, ukikuta kama maziwa ya mgando rangi ya chai, mara nyingi ndo hayo maji. (Mara chache inakuwa gasketi ya silinda hedi, kwa hiyo kama na maji ya rejeta yanapungua mwonyeshe fundi haraka.)

Kingine kinachozeeka bila kutembea ni mafuta ya breki. Haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani taratibu hata gari ikiwa imepaki. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, yakishanyonya maji kiasi kinachotumika kwenye vipimo kiwango kinashuka mpaka 155. Unashuka mlima mrefu mguu uko kwenye breki, yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, pedali inazama mpaka chini. Ndo maana watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe kila miaka miwili, kilomita haziulizwi. Mzee mruhusu tu huyo fundi afanye kazi.

SWALI: Nimepeleka gari sevisi ya kawaida, niko kazini simu inaita, fundi ananiambia pedi za mbele zimeisha, diski zimekwisha, bushi nne, shokap mbili, "na dada ukiondoka hivi usiniulize". Nilishikwa na hofu nikasema fanya yote. Sasa usiku silali, nimeliwa?

JIBU: Pole dada yangu. Inawezekana umeliwa na inawezekana amekuokoa, na mimi kutoka hapa siwezi kukuambia ipi, ila nakuambia ungejuaje.

Ile sentensi ya "ukiondoka hivi usiniulize" haina kipimo ndani yake. Breki zina kipimo. Pedi mpya inakuwa na nyama ya milimita 10 mpaka 12 hivi, ikibaki 3 gereji nyingi zinasema badilisha. Diski nayo haihukumiwi kwa kuangalia tu, diski nyingi zimegongwa kwenye ukingo wake unene wa chini unaoruhusiwa, unaanza na herufi MIN TH halafu namba ya milimita, fundi anaweka kipimo chake anasoma. Kwa hiyo swali la kwenye simu sio "ni hatari?", kila kitu ukiuliza hivyo kitajibiwa ni hatari. Swali ni "zimebaki milimita ngapi, na hiyo diski mwisho wake ni ngapi?" Aliyepima atakujibu palepale. Ambaye hajapima ataanza "aah dada hizi gari ndo zilivyo".

La pili mwambie agawe kwa mafungu: kipi gari isitoke bila hicho, kipi kinaweza kusubiri mpaka sevisi ijayo, kipi tunakiangalia tu. Bushi iliyopasuka juujuu sio sawa na bushi iliyokatika na tairi inacheza. Kuna fundi mmoja nilifanya naye kazi alikuwa anaandika mafungu hayo kwa kalamu tatu, nyekundu, bluu na penseli, wateja walikuwa wanamcheka mwanzoni halafu walikuwa hawaendi kwa mwingine. Karatasi ya namna hiyo ukipewa usiitupe, ndo historia ya gari yako.

La tatu, na hili bado hujachelewa: mwambie akupe vile vilivyotolewa. Sema kabla kazi haijaanza, "spea za zamani naziomba ziwekwe kwenye boksi". Sio kwamba utaenda kuzifanyia nini, ni kwamba mtu akijua boksi litaangaliwa anabadilisha kweli. Ila ujue kuna vitu kama alteneta au kalipa vinauzwa kwa kurudisha cha zamani ili kikarabatiwe, hivyo unaonyeshwa tu, hupewi. Na kama picha zinawezekana, picha ya pedi ya zamani imewekwa kando ya mpya inaongea kuliko simu ya robo saa. Kesho nenda pole pole bila ugomvi, omba kuona, kama ni kweli utaona pedi nyembamba kama biskuti iliyolambwa na mwaka huu utalala.

SWALI: Wiki moja tu baada ya sevisi nimevuta dipstiki oili nyeusi tii! Nimeibiwa, hawakubadilisha?

JIBU: Ni dizeli? Kama ni dizeli hata siku ya kwanza inaweza kuwa nyeusi, masizi yaliyobaki ndani yanaipaka rangi haraka na oili inafanya kazi yake ya kuyabeba. Petroli inachukua muda zaidi kidogo, lakini rangi peke yake haihukumu mtu. Cha kukupa wasiwasi ni oili kupungua, oili yenye harufu kali ya petroli, au oili iliyogeuka kama maziwa. Ukitaka uhakika mara nyingine weka alama ya kalamu kwenye filta ya zamani kabla hujaipeleka gari, ukirudi angalia kama alama bado ipo. Mjanja gani atakubishia hapo.

SWALI: Kaka, taa ya injini ilinijia, nikaenda wakachomeka mashine wakasema kodi (namba ya kosa) P0420, tukabadilisha sensa ya oksijeni. Taa ikarudi baada ya siku nne. Tukabadilisha na ya pili. Imerudi tena. Sasa fundi anataka tununue masega mazima. Hii kompyuta si ndo inajua kila kitu?

JIBU: Ndugu yangu, kompyuta haijui kila kitu, inajua inachokiona tu na inaona kupitia sensa. Kwenye gari za Marekani za kuanzia modeli ya 1996, na za petroli Ulaya kuanzia 2001, kuna tundu la pini 16, mara nyingi chini ya usukani, mashine ikichomekwa pale inasoma kodi za mfumo mmoja. Kodi ni kama mtu anayekuambia "moshi unatoka mtaa ule", hajakuambia nyumba.

P0420 maana yake masega, yaani katalisti, yanaonekana kusafisha moshi chini ya kiwango. Haisemi sensa imekufa, wala haisemi masega yamekufa. Ekzosi ikiwa na tundu dogo kabla ya sensa, hewa inaingia, inadanganya. Injini ikiwa inamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, petroli mbichi inaenda kuungua ndani ya masega na kuyayeyusha, na hapo ukifunga mapya bila kutibu kumisi utayaua na hayo. Injini inayokula oili vilevile. Kwa hiyo fundi alitakiwa apite njia: asome kodi zote sio moja, kama kulikuwa na ya kumisi, P0300 au P0301 na wenzake, aanze na hiyo; atafute ekzosi inapovuja; aangalie sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega na iliyo nyuma yake zinavyocheza injini ikiwa ya moto. Sensa ya mbele inatakiwa irukeruke, ya nyuma itulie, nyuma ikianza kumfuatisha wa mbele ndo unaanza kuwaza masega.

Kitu cha kukubaliana mapema ni kwamba kusoma kodi na kutafuta tatizo ni kazi mbili. Kusoma ni dakika tano. Kutafuta inaweza kuwa saa mbili na ni haki kuilipia, tena ilipie kwa moyo mmoja, maana asiyelipwa kutafuta atatafuta kwa kubadilisha spea zako. Wewe umeshanunua sensa mbili. Ukienda sehemu nyingine usianze kuwapa hukumu, wape historia: taa iliwaka lini, nini kimebadilishwa, ilirudi baada ya siku ngapi.

SWALI: Gari bado ina waranti. Ni lazima sevisi zote nifanye kwa dila (wakala wa kampuni ya gari)?

JIBU: Soma waranti yako na sheria ya ulipo, maana sio sawa kila mahali. Marekani kuna sheria ya 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kukufungia waranti kwa sharti la kutumia spea au huduma ya jina lake tu, labda akupe bure au apate ruhusa maalumu. Umoja wa Ulaya nao una kanuni zinazowapa gereji huru nafasi. Popote ulipo kitakachokutetea ni karatasi: tarehe, kilomita, oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, filta sahihi, risiti. Sevisi bila karatasi siku ya mgogoro ni kama haikufanyika.

SWALI: Gari inatembea vizuri haina tatizo lolote, ila kwenye sevisi kubwa wananiambia nibadilishe mkanda wa taiming kwa sababu ya kilomita tu. Mkanda nimeonyeshwa, hauna hata mchaniko. Kwa nini nibadilishe kitu kizima?

JIBU: Swali zuri hili, na ni kati ya vitu vichache nitakuambia usibishane na kitabu.

Mkanda huo unaunganisha krenki ya chini na kemshafti ya juu ili valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, zifunguke na kufunga kwa wakati wake pistoni zikipanda na kushuka. Chukua injini inazunguka mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu wa barabarani. Kemshafti inazunguka nusu ya hapo, kwa hiyo kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja. Kwenye injini nyingi pistoni na valvu zinapishana sehemu ileile kwa zamu, kama watu wawili kwenye mlango mmoja, anayewapanga ni mkanda. Ukikatika au meno yakiruka, kemshafti inasimama au inapoteza zamu yake, krenki bado inazunguka, pistoni inapanda inakuta valvu iko wazi inaipiga. Utasikia kelele moja mbaya halafu kimya. Hedi inafunguliwa, valvu zimepinda, pengine na pistoni imetoboka. Kuna injini chache ambazo hazigongani, mkanda ukikatika zinazima tu, fundi wako anaweza kuangalia yako ni ipi.

Mkanda huu hauna adabu ya kuaga. Pedi inalia, tairi inaonekana, mkanda unakatika ukiwa unaonekana mzima maana nyuzi za ndani ndo zinachoka kwanza. Gari nyingi zimepangiwa kama kilomita 100,000, zingine chini ya hapo zingine juu, na karibu zote zina kikomo cha miaka pia kwa sababu mpira unazeeka. Fuata kitabu cha injini yako, sio cha jirani.

Na ukishakubali usibadilishe mkanda peke yake. Tenshena na idla, yaani rola zinazoukaza na kuuongoza, na wota pampu kama inazungushwa na mkanda huohuo, vyote viko nyuma ya kifuniko kilekile. Kazi kubwa hapo ni kufungua, sio spea. Ukiacha pampu ya zamani ikaanza kuvuja baada ya miezi sita utalipia kufungua mara ya pili. Injini nyingine zina cheni badala ya mkanda, hiyo haina ratiba ya kubadilishwa kwenye gari nyingi ila inategemea oili safi kuliko kitu chochote, mtu anayechelewesha oili anailegeza mwenyewe.

SWALI: Fundi, nimetoka sevisi jana jioni, leo asubuhi nimekuta matone ya oili chini ya gari. Nikipiga simu wananiambia ni oili iliyomwagikia wakati wa kazi itakauka. Niamini?

JIBU: Inaweza kuwa kweli, oili ikimwagikia kwenye kava la chini inaendelea kudondoka siku moja hivi. Lakini usikae unasubiri ikauke. Pima dipstiki sasa hivi kabla ya kuwasha. Ikiwa imeshuka kuliko ulivyoiacha jana, usiiendeshe, waje wao.

Nakueleza kwa nini niko mkali hapa. Nilipokuwa bado najifunza kazi niliwahi kufunga filta ya oili, gari ikawashwa, kila kitu safi, mteja akaondoka. Hajafika mbali akapiga simu taa ya kibirika imewaka na nyuma yake barabara imechorwa mstari mweusi. Aliizima papohapo, Mungu amjalie. Tulipoifungua kumbe mpira wa filta ya zamani ulibaki umegandia kwenye injini, mimi nikafunga mpya juu yake, mipira miwili imekaliana, ikashika dakika chache tu halafu presha ikausukuma mmoja nje. Kosa la sekunde mbili, kuipitishia kidole ile sehemu ya kukalia filta ningehisi ule mpira. Tangu siku hiyo nikitoa filta naigeuza kwanza kuangalia kama imetoka na mpira wake, hata filta ikiwa sio ya kazi yangu, hata mtu akiwa ananiongelesha.

Kwa hiyo wakija waambie waangalie vitu viwili, nati ya kumwagia na kile kipete chake, na mpira wa filta. Wafute pakavu kabisa, injini iwashwe dakika kadhaa wakiwa wanaangalia kwa tochi, ndo utajua inatokea wapi. Gereji inayojiheshimu hairushi hili kwako wala haikulipishi.

Na kama jana walitoa tairi, na kwenye sevisi wanazitoa mara nyingi kuangalia breki, nati za tairi nazo zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu, gari nyingi ndogo ni kama Nm 100 na kidogo. Sio kwa kuisimamia spana kwa miguu miwili, maana siku ukipata pancha utashindwa kuifungua mwenyewe.